Koti Lililofuliwa Apple Valley

Alhamisi moja ya Oktoba 2006, Elihuruma alirudi kutoka kazini saa tisa alasiri, akazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha bomba la bustani limefungwa kabla baridi haijaanza, na hapo ndipo aliposimama ghafla. Kwenye reli ya baraza, katikati ya kanga mbili na taulo, lilikuwa linaning'inia koti la kijeshi la bluu ya kijivu. Lilikuwa linachuruzika maji. Chini yake kulikuwa na kidimbwi kidogo, nacho kilikuwa na rangi.

Watu wa Apple Valley, Minnesota, hawaaniki nguo nje; kila nyumba ina mashine ya kukaushia, na yupo jirani mmoja ambaye angeweza kuandika barua ya malalamiko kwa ajili ya taulo tu. Lakini Elihuruma hakuwaza majirani. Alishtuka kwa sababu koti lile halikuwa lake. Lilikuwa la mzee Alfred, aliyekuwa amelala kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule mjini, karibu na mtaa wa Phillips, akisubiri kitu kimoja tu kutoka ndani ya koti hilo: jina la mtu.

Na jina hilo, Elihuruma alikuwa ameliona juzi yake. Chini ya ukosi, upande wa bitana, palikuwa na maandishi hafifu ya wino, herufi nne au tano hivi. Hakutaka kuyagusa. Alimpigia Alfred simu na kumwambia, "Mzee, nimeona maandishi. Jumamosi tutakuwa na jina." Mtu mzima anajua kwamba ahadi ya namna hiyo haitolewi kabla kitu hakijawa mkononi. Yeye aliitoa, kwa sababu alikuwa na furaha.

Akapanda ngazi za baraza mbilimbili, akaukunjua ukosi. Bitana ilikuwa safi, inanukia sabuni ya unga. Wino haukuwepo.

Mlango ukafunguka. Mama yake, mama Serah, mwenye miaka sabini na sita, aliyekuwa amekuja kutoka Moshi kuwatembelea kwa miezi mitatu, alisimama pale akiwa amejifunga kanga juu ya sweta la mkwewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi. Nimekufulia lile koti lililokuwa mezani kule chini. Nililifua kwa mkono kwenye bafu, mashine yenu sikuiamini. Nguo ya marehemu haikai ndani ya nyumba yenye mtoto bila kupita kwenye maji. Ulijua hilo, lakini wewe na kazi zako."

Mtu mwingine angepiga kelele. Mwingine angekaa chini na kuuliza kwa utaratibu: mama, ulipolifua uliona nini? Elihuruma hakupiga kelele wala hakuuliza. Alisema, "Ahsante, mama," akaingia ndani, akajifungia chooni na kukaa juu ya mfuniko.

Ili umwelewe inabidi umjue alikotoka. Baba yake, mzee Elinaja, alikuwa fundi cherehani pale Moshi, karibu na soko, na kibanda chake kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya baba: nguo husomwa kutoka nje kwenda ndani, lebo mwisho. "Lebo ni mdomo," alikuwa akisema. "Mshono ni mkono. Mdomo husema unachotaka kusikia." Sheria ya pili ilikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo za wateja, na kila alichokikuta ndani ya nguo alikifunga kwenye pindo la kanga yake na kumrudishia mwenyewe mkononi. Iwe barua, iwe hirizi, iwe picha ya mwanamke asiye mke. Hakumwambia mtu, hata mume wake. Siri ya mfuko ni ya mwenye nguo, alisema, na watoto wake walikua wakilisikia neno hilo mpaka wakaacha kulisikia.

Elihuruma alikuja Minnesota mwaka 1983 kusoma chuo, kwa msaada wa kanisa. Katika baridi yake ya pili alinunua koti zito kwenye soko la vitu vikuukuu, Saint Paul. Nyumbani tuliziita nguo hizo kafa Ulaya, yaani mwenye nguo amekufa huko kwao nawe umerithi, na yeye hakuona ajabu yoyote: alilifua, akalipiga pasi, akalivaa. Alilivaa wiki mbili. Kisha mzungu mmoja mzee kwenye kituo cha basi akamwuliza, bila ukali, kama anajua amevaa nini. Akamwonyesha kifuani mahali ambapo uzi ulikuwa umeng'olewa, kivuli cha ndege mwenye mbawa, na chini ya kucha za ndege msalaba uliopinda, alama ambayo kijana mweusi wa mwaka ule hakutaka kuonekana nayo. Lilikuwa koti la jeshi la anga la Ujerumani, la enzi za Vita Kuu ya Pili.

Wengine wangelichoma. Yeye alilivua, akalilaza mezani na kuanza kulisoma kama baba yake alivyomfundisha, kwa sababu alitaka kujua ni mkono wa nani uliokuwa umemkumbatia siku zote zile. Huo ukawa mwanzo. Miaka ishirini na mbili baadaye alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vifaa vya hospitali, mzee wa kanisa, baba wa binti mmoja aitwaye Careen, na kule chini kwenye ghorofa ya chini ya ardhi alikuwa na makoti kumi na moja ya aina hiyo ndani ya kabati la mbao. Waliotaka makoti hayo kwa kuwapenda waliokuwa wakiyavaa hakuwafungulia mlango. Mkewe, Avelina, alikuwa na sharti lake: yasipande ngazi. Mchungaji aliwahi kumwuliza kinachomvutia kwenye nguo za watu ambao wasingemkaribisha hata kwenye kibaraza chao. "Walioyavaa siwajui, mchungaji," alijibu. "Mimi nawafuata mafundi." Mchungaji hakuridhika, na kusema kweli hata Elihuruma mwenyewe hakuridhika sana.

Lakini alikuwa hodari. Alijua kwamba kitambaa cha kahawia ukosini ni cha watu wa simu na redio, cha njano ni cha marubani, chekundu ni cha wapiga mizinga. Alihesabu ndege wadogo wa chuma kwenye ukosi akajua cheo. Alishika sufu akasema ni ya mwanzo wa vita au ya mwisho, wakati Wajerumani walipokuwa wakichanganya matambara. Wakusanyaji wa nguo za vita wa Saint Paul na mji pacha wake walikuwa wakimpelekea makoti ayatambue, na neno lake lilikuwa halijawahi kurudishwa.

Ndiyo maana Nkatha alimpigia simu. Nkatha alikuwa nesi wa ile nyumba ya wazee, Mkenya kutoka Meru, aliyeabudu naye kanisa moja. "Kaka Eli," alimwambia, "niko na mzee wangu hapa, ana koti ya Mjerumani kwa closet. Ame-refuse kuonyesha watu wa museum. Nikamwambia kuna brother yangu anajua hizo vitu. Kuja umwone, aki, anaumia roho."

Alfred alikuwa na miaka themanini na mitano, mikono mirefu, sauti ya chini. Alimweleza yote akiwa ameliweka koti mapajani. Mwaka 1945 alikuwa askari wa Marekani, akilinda kambi ya mateka wa Kijerumani. Kijana mmoja Mjerumani, mgonjwa wa homa, alivua koti lake, akampa, na kwa Kiingereza cha kuokoteza akamwambia maneno ya kumpelekea mama yake. Alirudia mpaka Alfred akayashika. Akamtajia na jina na kijiji. Asubuhi alikuwa amekufa.

"Jina nililiandika kwenye pakiti ya sigara," Alfred alisema. "Pakiti ikapotea kabla sijapanda meli. Maneno sijayapoteza hata moja."

Elihuruma alitoa daftari, akamwambia amtajie ayaandike, yasije yakapotea.

Mzee akatikisa kichwa. "Sikumwambia mke wangu, hadi akafa. Sijamwambia mchungaji. Yalikuwa ya mama mmoja. Nipe jina lake kwanza, nami nitakuambia maneno, uwapelekee watu wake pamoja na koti."

Elihuruma akaondoka na koti na mzigo. Wiki mbili alilisoma kutoka nje kwenda ndani. Sufu nzuri, ya mwanzo wa vita. Kitambaa cha kahawia, ndege watatu: mtu wa simu, cheo cha chini. Muhuri wa ghala kwenye bitana, mwaka 41. Mkono wa kushoto, aliandika kwenye daftari, pindo limeshonwa upya kwa mkono, umefupishwa. Akaendelea. Kisha akafika kwenye ukosi, akaona wino, akapiga simu yake ya furaha. Mengine umeshayajua.

Jumamosi ilipofika alikwenda Woodbury, nyumbani kwa Zachariah, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkubwa wa kundi lao la wakusanyaji. Zachariah alikuwa na taa ya mwanga wa zambarau, ambayo kazi yake ni mbili: huamsha wino uliofifia, na hufichua koti la bandia, kwa maana uzi wa enzi za vita hauwaki chini ya taa hiyo na uzi wa siku hizi huwaka. Elihuruma alikuwa na tumaini moja lililobaki, kwamba wino umeacha mzizi kwenye bitana. Alikwenda nalo kama mgonjwa anavyokwenda kwa mganga wa tatu.

Walikuwa watu sita. Walifunga mapazia mchana kweupe, Zachariah akawasha taa.

Koti likawaka lote. Bitana, uzi wa mishono, matundu ya vifungo, vyote viling'aa weupe wa meno. Hakuna mzizi wa wino ambao ungeonekana katika mng'ao ule. Mtu mmoja akacheka kidogo.

"Rafiki yangu," Zachariah alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioumiza, "uzi wa vita hauwaki hivi. Hili limeshonwa juzi juzi, la maonyesho. Huyo mzee wako amedanganywa. Au yeye ndiye anayekudanganya wewe."

Elihuruma alijua kinachowaka. Sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha, dawa hiyo hunata kwenye nyuzi, na ndiyo inayowaka. Sentensi moja tu ingetosha: mama yangu amelifua. Aliihisi ikimpanda hadi kooni. Lakini alitazama zile nyuso sita, akamwona mama yake kwa macho yao, bibi mweusi amepiga magoti kwenye bafu akisugua kitu cha makumbusho, akawasikia wakilisimulia jambo hilo kwa miaka kumi ijayo. Akaimeza.

"Nitaliangalia tena," alisema.

Njiani alijitukana kwa lugha zote alizozijua. Alikuwa amemwacha mzee Alfred aitwe mwongo ili mama yake asichekwe, na mama yake wala hakuwepo. Aibu ilikuwa ya nani, basi? Yake. Alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia.

Wiki zilizofuata alilirudia koti kila jioni. Alisuuza kipande cha bitana kwa maji matupu. Alikipiga picha, akaikuza, akakodoa macho mpaka akaanza kuona herufi ambazo hazikuwepo. Kazini aliwahi kupitisha sanduku zima la mirija bila kulikagua, ikabidi alirudie. Simu ikilia alishtuka, na ikiwa ni Nkatha aliiacha ilie.

"Mzee ame-ask juu yako mara tatu leo," Nkatha alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Anasema ulisema Saturday. Kaka, Saturday ilipita. Nimwambie nini?"

Avelina alimvumilia siku nane. Ya tisa, wakiwa jikoni, alimwambia, "Mweleze mama. Mama si mtoto."

"Nimweleze nini? Kwamba amemfutia marehemu jina? Atalibeba hilo mpaka kaburini."

"Basi mweleze Alfred."

"Nitamweleza."

"Lini?"

Aligeukia sinki, akaanza kuosha kikombe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kama wangemwona Elihuruma wangesema tena kwa sauti ya juu.

Jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba mama mwenyewe alianza kuuliza. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, ndani ya gari. "Baba, lile koti lina mwenyewe?"

"Lina mwenyewe, mama. Ni la rafiki mmoja."

"Marehemu alikuwa nani wake?"

"Ni habari ndefu, mama."

"Utanipeleka lini? Nina neno naye."

Elihuruma alibana usukani. Kuna mtu amemwambia, aliwaza. Ameshajua alichofanya, anataka kwenda kuomba msamaha. Akamwona mama yake, kwa umri ule, akiinama mbele ya mzungu na kuomba radhi kwa kosa la usafi. "Wiki ijayo, mama," alisema.

Mara ya pili aliuliza wakati wa chai. Mara ya tatu alimfuata hadi kule chini, akasimama mlangoni pa chumba cha makoti bila kuingia, mkono mmoja umeshika pindo la kanga. "Bado tu, baba?" Alikuwa akilishika pindo lile namna ile tangu Elihuruma akiwa mtoto, na Elihuruma alilitazama bila kuliona. Mara ya nne hakuuliza kwa maneno. Alivaa viatu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango asubuhi nzima ya Jumamosi, mpaka Careen akamwuliza baba yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake, bibi anamngoja nani. Elihuruma akasema gari lina shida ya breki. Mkaguzi wa ubora, mzee wa kanisa, anamdanganya mama yake kuhusu breki.

Nkatha alipopiga tena ilikuwa Alhamisi, juma la tatu, na safari hii Elihuruma alipokea kwa sababu alikuwa amesahau kuogopa.

"Kaka Eli." Sauti haikuwa na mzaha. "Mzee alipata stroke juzi, Tuesday. Upande wa kulia umeenda. Anasikia, anaelewa, lakini kuongea imekataa kabisa. Kama unakuja, kuja sasa. Usinipe story."

Alitoka kazini bila kuaga. Alipofika nyumbani kulichukua koti, mama alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, amevaa koti la baridi la Avelina juu ya kanga. Avelina, aliyepigiwa na Nkatha, alikuwa amempa mama habari kwa simu. Elihuruma hakuwa na nguvu ya kuzua breki nyingine.

Walishika barabara ya Cedar kuelekea kaskazini. Theluji ya kwanza ilikuwa ikidondoka, ile inayoyeyuka ikigusa kioo. Walipokuwa juu ya daraja la mto, Elihuruma akapiga moyo konde.

"Mama, lile koti. Siku ulipolifua, chini ya ukosi palikuwa na wino. Lilikuwa jina la marehemu. Ndilo mzee alilokuwa akilitafuta miaka yote hii." Akapunguza mwendo. "Si kosa lako. Mimi ndiye niliyeliacha pale. Lakini jina limekwenda na maji."

Mama akamgeukia.

"Niliuona ule wino," alisema. "Nilivaa miwani nikausoma. Zilikuwa namba tatu na herufi moja, baba. Alama ya dobi, imechoka kwa miaka, ndiyo maana ikaondoka na sabuni. Baba yako aliziweka za namna hiyo kwenye mashati ya wakubwa wa reli, zisipotee."

Gari likayumba. Nyuma yao mtu akapiga honi.

"Haikuwa jina?"

"Haikuwa jina. Mtu huandika jina lake kwa urefu. Angalia barabara."

"Sasa jina liko wapi?"

Mama akagusa pindo la kanga chini ya koti. "Tufike kwa mwenyewe kwanza."

Chumba cha Alfred kilikuwa na joto kali na televisheni iliyozimwa sauti. Uso wa mzee ulikuwa umelegea upande mmoja, lakini jicho la kushoto lilimtambua Elihuruma na kumng'ang'ania. Nkatha alisimama kichwani mwa kitanda. Elihuruma akaliweka koti miguuni pa mzee, akaanza kueleza, akajikwaa.

Mama Serah hakungoja. Alisogea, akapiga goti kidogo kama mtu anayemwandalia mgeni maji ya kunawa, akalifungua fundo la pindo lake kwa meno. Ndani yake kulikuwa na kipande cha utepe mweupe, kirefu kama kidole. Akakiweka kwenye kiganja cha kushoto cha Alfred kwa mikono yake miwili.

"Mwambie," alimwambia mwanawe, "mkono wa kushoto wa koti haukufupishwa. Mshono ule ni wa mwanamke, na ni wa mama. Umerudiwa mara tatu mahali ambapo mara moja ingetosha. Alikuwa anaogopa usije ukafumuka. Nguo ya msiba haifuliwi ikiwa na kitu ndani, ndiyo maana nikaufumua. Mwambie sikumwonyesha mtu."

Elihuruma akatafsiri. Kisha akainama. Utepe ulikuwa umetariziwa kwa uzi mwekundu, herufi ndogo zilizosimama wima: Konrad Thielemann, na chini yake kijiji chake, Altenrieth. Akalisoma jina kwa sauti, mara mbili.

Alfred akafumba jicho. Chozi likatoka, likashuka pembeni hadi sikioni. Alipolifumbua tena alikuwa mtu mwenye haraka. Alikuwa na jina. Sasa angeyasema.

Mdomo ukafunguka upande mmoja. Ikatoka sauti ya pumzi, kisha kitu kama irabu, kisha mate. Elihuruma akasogeza sikio hadi akahisi joto la mdomo wa mzee. "Nakusikia, mzee. Sema." Ikaja pumzi tena. Nkatha akaleta ubao wa herufi wanaoutumia wagonjwa, akauinua mbele yake. Mkono wa kushoto ukaenda, ukagonga herufi moja, ukagonga pengine, ukateleza. Wakajaribu tena. Wakajaribu mara ya tatu. Mzee akaanza kulia kwa sauti, kilio cha hasira, na Nkatha akauweka ubao chini.

"Wacha, guka," alimwambia kwa Kiswahili, akimwita babu, huku akimfuta uso. "Wacha sasa. Pumzika."

Kidole gumba cha Alfred kikabaki kwenye uzi mwekundu, kikienda na kurudi.

Kwenye korido Elihuruma akaegemea ukuta. "Mama, mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Wewe ulikuwa mwenye koti?"

"Hapana."

"Siri ya mfuko ni ya nani?"

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na jibu hilo alikuwa nalo tangu hajajua kuvaa viatu.

"Nilikuomba unilete mara ngapi?"

"Mara nne."

"Mara nne," mama alisema. Hakusema kwa ukali. "Nilidhani unanionea aibu, baba. Nikasema labda huku mama wa mtu haendi kwa wazungu na kanga. Kama kuna jambo lililokuumiza, ungeniuliza tu."

Ndipo Elihuruma alipolia, pale pale mbele ya mashine ya soda, na mama yake akamwacha alie, amemshika kiwiko.

Alfred alikufa baada ya siku nane, bila kutamka neno. Jumamosi iliyofuata mazishi, Elihuruma alikwenda Woodbury akawaambia wale sita kwamba mama yake alilifua koti na kwamba Alfred hakuwa mwongo. Zachariah alimwomba radhi marehemu kwa jina. Hakuna aliyecheka, na hata kama wangecheka, kicheko kisingekuwa na maana tena.

Mama alipanda ndege kurudi Moshi kabla ya Krismasi. Elihuruma aliandika kwa usharika wa Kilutheri wa Altenrieth, kama mzee wa kanisa anavyowaandikia wazee wenzake, akapeleka koti na utepe umeshonewa tena mahali pake. Mwezi wa Machi barua ikaja kutoka kwa mwanamke mmoja, binti wa dada yake Konrad. Bibi yake, yaani mama yake Konrad, aliandika, alifariki mwaka 1963. Hadi siku hiyo alikuwa akiamka asubuhi na kufungua mlango wa mbele kwanza, kabla ya kuwasha moto. Alishukuru kwa koti. Alimshukuru na mama aliyelifua. Alikuwa na swali moja tu, na kama ni la usumbufu aliomba asamehewe: je, mjomba wake alimwachia yule Mmarekani neno lolote?

Elihuruma alikaa na barua hiyo siku nyingi. Aliandika kurasa tatu za maelezo, akazichana. Akaandika nyingine, akazichana nazo. Barua aliyoituma mwishowe ilikuwa na mistari miwili.

"Ndiyo, alimwachia maneno ya kumpelekea mama yake, na mzee huyo aliyatunza yote kwa miaka sitini na moja. Mimi ndiye niliyechelewa."